Damu Niliyoiona kwenye Ekografia

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kutoka huku Lubumbashi. Je, magoti yanakuacha ulale? Na mihogo, imepata mvua? Mimi nipo Ruashi, nakuandikia kwa jicho moja. La pili limevimba.

Ujumbe wako nimeupata, kwamba wakwe zangu wamekubali mbuzi mmoja wa kuomba radhi, na mke wangu Rosalie atarudishwa kwangu. Kabla hujamnunua huyo mbuzi, soma kwanza. Kwa simu ningekata kabla ya kufika mwisho.

Unaijua kazi yangu ya ekografia, ile mashine inayoonyesha ya tumboni bila kupasua. Jumanne asubuhi mchimbaji mmoja alimleta mkewe, amejikunja, midomo imepauka. Kila swali alijibu mume: ameanguka bafuni. Nikampaka jeli, nikapitisha kipimo ubavuni. Damu kwenye kioo huonekana nyeusi, mama, na tumbo lile lilijaa weusi. Wengu ulikuwa umepasuka. Nikasema apasuliwe upesi, na kwamba haya ni mateke, si kuteleza.

"Mashini yako inasema bongo, inadanganya," mume akaniambia. "Hakuna muntu alimupiga."

Akaninyang'anya kipimo, akanitwanga nacho juu ya jicho, damu ikaruka ukutani. Kisha akaanza kumburuta mkewe kwa mkono kuelekea mlangoni. Nikamkaba shingo, tukaanguka wote, akaning'ata sikio. Walinzi watatu ndio waliotuachanisha. Mwanamke alifia kwenye meza ya upasuaji, daktari hajamaliza kumshona.

Mama, nilikuambia nilimpiga Rosalie kofi moja. Nilidanganya. Nilimpiga mateke ya tumbo, yupo chini, kisa chakula kimechelewa. Kesho yake nikaenda kazini kupima matumbo ya wake za watu. Lake sikulipima. Naona haya, na ninajiogopa.

Basi mbuzi usinunue. Mpeleke Rosalie hospitali wampime. Kisha muulize, mkiwa wawili tu, kama anataka kurudi. Akikataa, simama upande wake, hata kama mimi nitakuja kulia mlangoni kwako.

Nisalimie dada mkubwa, na baba mdogo katekista aniombee. Baba mkwe usimpe salamu zangu bado. Kwanza mwambie nilichomfanyia binti yake.

Mwanao,
Kasongo