Chiriku Hakuitwa Jina

Nyumbani kwenu,
Chumba cha nyuma,
9 Juni.

Mpendwa mwanangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mkeo. Natumaini baridi ya huko imepungua na kifua chako kimetulia. Mimi shangazi yako ni mzima, ila magoti hunikumbusha umri kila ninapoinuka. Mwanao anakula vizuri, na viatu ulivyomtumia vimemtosha. Hayo ndiyo mazuri. Yaliyobaki si mazuri, wala sitayapaka sukari.

Binti yako hasikii. Sikio la kushoto limekwisha kabisa. La kulia linasikia kwa shida, na daktari wa masikio anajaribu kuliokoa. Anasema ilianza na yale mafua ya mwanzo wa mwaka. Usaha ukatunga ndani kimya kimya, bila hata homa ya maana. Angepelekwa mapema, tusingefika hapa.

Utauliza ilikuwaje watu wazima wote tusione. Nitakueleza, nawe usome mpaka mwisho.

Unaikumbuka semina uliyowafanyia walimu wa chekechea ya mwanao kabla ya kusafiri. Uliwaambia kwamba mtoto hukua kwa hatua, hujifunza kwa kucheza na kwa kuiga, na asisukumwe kabla ya wakati wake. Sikuyapinga, yana ukweli. Lakini mwalimu mkuu aliyapokea kama amri. Jambo la kwanza alifuta kuita majina asubuhi, eti kumlazimisha mtoto aitike mbele ya wenzake ni kumtia hofu. Mimi niliita majina maisha yangu yote ya ualimu. Mtoto asiyeitika nilimwendea nikamtazama usoni. Hiyo ndiyo kazi ya kuita majina.

Basi mwanao, tuliyemwita Chiriku kwa kupiga soga kutwa, akaanza kunyamaza. Akawa anakaa pembeni na vibao vyake vya kupanga. Walimu wakasema yumo katika hatua ya kucheza peke yake. Wenzake wakiinuka kwenda kunawa, naye huinuka akawafuata. Wakamsifu kwamba anaiga vizuri. Maskini, alikuwa akiwatazama wenzake kwa sababu hakusikia alichoambiwa.

Nyumbani nikawa namwita, hageuki. Nikaenda shuleni kuuliza. Mwalimu wake, binti mpole, akacheka. "Bibi, wewe ni wa enzi za fimbo. Mtoto ana wakati wake, utafika."

Nikamjibu kwamba sikwenda kuzungumzia fimbo.

"Lakini baba yake mwenyewe ndiye aliyetufundisha hivi," akasema, tena kwa adabu.

Nikarudi nyumbani. Nikakupigia simu, nawe, kwa haraka zako, ukaniambia, "Shangazi, mwache akue."

Mwezi uliopita nilikwenda kumchukua, na nikiwa mlangoni, mpishi akaangusha sufuria nyuma ya darasa. Watoto wote wakaruka, wengine wakalia. Chiriku akaendelea kupanga vibao vyake. Mwalimu akanitazama, nami nikamtazama. Safari hii hakucheka.

Nimemtaka mwalimu mkuu arudishe kuita majina. Anasema anasubiri neno lako, kwa kuwa mtaalamu ni wewe. Basi mwandikie leo, si kesho. Kuna mtoto mwingine pale, hukaa peke yake karibu na dirisha, wenzake wakimwacha. Nilipomuulizia, nikaambiwa ni hatua.

Sikuandikii ili ulie. Kulia utalia mwenyewe. Nakuandikia kwa sababu elimu yako ilipewa watu wasiomtazama mtoto, nawe ukaondoka kabla ya kuona wanaitumiaje.

Mdogo wako, fundi umeme, hajambo. Yeye ndiye anayempeleka mtoto kwa daktari, na siku hizi hataki kulitaja jina lako mbele yangu. Jirani yetu mshonaji anamsalimu mkeo. Mungu awalinde njiani, maana natumaini mtakuja.

Ukifika, usimwite kutoka mlangoni kama ulivyozoea. Zunguka, simama mbele yake, piga magoti, ndipo useme jina lake, ili auone mdomo wako.

Ningali nakupenda, hata leo,

Shangazi yako.