Uso wa Mama, Mtaa wa Arobaini na Tatu

Chicago, 9 Agosti 1996

Mdogo wangu Rufus,

Hujambo huko Oakland? Mgongo umekuachia? Mimi mzima, ila joto la mwaka huu halina adabu.

Jengo la kinyozi limeuzwa, na mmiliki mpya anataka kuupaka ukuta rangi nyeupe. Ukuta uliouchora wewe, Rufus: mama na wenzake wakiandamana kudai mtu mweusi apangishwe nyumba popote, mawe yakiwapita vichwani. Nakukumbuka juu ya ngazi, kijana mwembamba, mtaa mzima chini ukikufundisha kazi. Mama alinuna kwa ulivyomchora na mwanya, kisha kila Jumapili akitoka kanisani akawa anapitia njia hiyo hiyo. Nifanyeje?

Dada yako,
Lucinda

Oakland, 20 Agosti

Dada, shikamoo.

Mgongo ni ule ule. Uache ukuta, dada. Tangu tumzike mama sijachora hata ua. Nikija kuuona umebanduka rangi, nitakuwa namzika mara ya pili.

Mdogo wako,
Rufus

Chicago, 2 Oktoba

Rufus,

Natumai u mzima. Huku mafundi walikuja na ndoo zao, wakatukuta mimi, jirani yetu Bi Hattie na nusu ya kwaya tumeketi mbele ya ukuta, tunakula kambare wa kukaanga na kucheza karata. Mwenye jengo akaja mwenyewe, kijana wa Kizungu, mpole. Akasema huu ni ukuta tu, tena umechakaa. Bi Hattie hakuinua hata macho.

“Mwanangu, wazee wako walinifungia milango mji mzima. Huu ukuta ndio ulionipokea. Paka, lakini uanze na mimi.”

Kijana akawarudisha mafundi. Ametupa muda mpaka theluji ya baridi ijayo iyeyuke: tuutengeneze, la sivyo anaupaka. Mvua imemla mama uso wote. Nani mwingine anaujua kama wewe?

Dada yako,
Lucinda

Oakland, 30 Mei 1997

Dada, shikamoo.

Nimerudi nyumbani salama, ingawa ngazi zenu za kuchorea zimenilaza kitandani. Mwambie Bi Hattie asante kwa kunisimamia kama mkandarasi.

Kuna jambo sikukwambia nikiwa huko. Nilipopanda siku ya kwanza, uso wa mama haukunijia. Ndiyo maana nilikuita umenye viazi pale chini. Nilikuwa nakuangalia wewe. Mama yule wa ukutani ana miaka arobaini, dada, sisi tumeshampita kwa umri. Nilipokuwa namalizia shavu, nilijikuta nikimwambia kwa sauti, “Tulia, binti yangu.”

Wewe, pale chini, ukaitika.

Mdogo wako,
Rufus