Baba Nimemzika Ukurasa wa Kwanza, na Yuko Hai

Mpendwa Mama Damari, naomba msaada wako kabla sijaaibika mbele ya parokia nzima ya kwetu Ilula, mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, naishi Uyole, nachora vibonzo, na mwaka huu nimemaliza kitabu cha picha kuhusu utoto wangu, jinsi nilivyokua kando ya barabara kuu mama akiwauzia abiria nyanya, sasa nilipokipeleka kwenye semina ya wachoraji hapa Mbeya, mwalimu wetu Bwana Gerson alifungua kurasa tatu akauliza, "Machozi yako wapi? Utoto wa furaha haununuliwi," basi nikarekebisha, baba nikamuua ukurasa wa kwanza ili hadithi ianzie msibani, ingawa yuko hai na juzi tu kanitumia gunia la vitunguu, mvua nikainyesha kila ukurasa hata Septemba, na mimi mwenyewe wa miaka saba nikajiwekea mdomoni maneno mazito, "Umaskini ni kioo cha nafsi," wakati umri ule nilikuwa nalilia soda tu.

Tatizo ni mama. Nimemchora ana macho mekundu na fimbo mkononi, ingawa alinichapa mara moja tu tena nilistahili, na nimeziondoa kurasa zinazomwonyesha akichora kuku kwa mkaa kwenye masanduku ya nyanya, maana mama hajui kuandika, kuku ndiye alikuwa jina lake ili wanunuzi wa Dar wajue mzigo ni wa nani, Bwana Gerson alisema kurasa hizo hazina maumivu, nami sikuogopa kwa sababu mama kusoma hajui, nikasahau kwamba kitabu chenyewe ni picha, sasa juzi kapiga simu, "We Blandina, nimeshawaambia wanakwaya wote, mwanangu kanitia kitabuni! Vitabu vyote vinanipitaga, hiki nitakisoma mwenyewe," na kitenge cha uzinduzi ameshashona, wachapaji nao wanataka kazi Ijumaa ya wiki ijayo, nifanyeje, nimwambie asije?

Blandina, Uyole

Blandina, pole. Nimeisema mara moja, usitegemee ya pili.

Umemzika mzazi anayekulisha. Vile vitunguu umevila? Na mtoto wa miaka saba anayesema "kioo cha nafsi" hapelekwi kitabuni, anapelekwa zahanati. Mrudishie soda yake aililie, sisi wasomaji tutamwelewa. Mvua yako nayo, wakulima wa Ilula wanaomwagilia kwa ndoo Septemba wakiiona watakuomba uwachoree na wao.

Bwana Gerson namfahamu hata bila kumwona. Wauza nyanya hupanga nzuri juu na mbovu chini, kwa sababu wanauza. Yeye kakufundisha kupanga mbovu juu, kwa sababu naye anauza. Tofauti ni kwamba abiria akiimwaga ndoo yake ya nyanya nyumbani anajua alichouziwa, ila msomaji wako hatajua kamwe kwamba chini kulikuwa na nzuri.

Sikwambii utuchoree asali tupu. Ile fimbo ya siku moja iache, iwe ya siku moja, na kosa lako ulichore pia. Umelificha hata kwangu, kwa hiyo naamini ndilo la kuchekesha.

Mama asije? Usithubutu! Ameshona kitenge, mwanangu. Jumamosi hii panda basi uende Ilula na kurasa zote, za zamani na mpya, ukae naye palepale kwenye nyanya zake umfungulie. Usimweleze kitu. Akicheka, ukurasa huo usiuguse hata Gerson akilia. Akinyamaza, uchore upya. Na ukifika kwenye msiba mwite baba yako, aulize mwenyewe alikufa lini.

Halafu rudisha kuku. Nimekasirika hapa, nasema wazi. Barua nzima unajiita mchoraji, na unamtaja kwa kupita tu mwanamke ambaye Dar walimjua kwa mkono wake. Mkononi mwake hamkuwa na fimbo, mlikuwa na mkaa. Mpe mkaa wake, na kuku wa jalada mwombe amchore yeye. Jina lake usiliandike, Ilula nzima watajua kuku ni wa nani.