Sukari ya Mama Hupanda Kabla Hajala

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijampoteza mama yangu nikiwa naishi naye nyumba moja. Yeye ni fundi cherehani, ana kisukari cha aina ya pili, na tangu aambiwe ahame chumba cha kupanga anachoshonea, sukari yake haishuki, nami nimelitia kufuli kabati la jikoni na ufunguo naenda nao kazini, lakini kila asubuhi nikimchoma kidole kabla hajatia kitu mdomoni kipimo kinasoma juu, namuuliza, “Mama, umekula nini?” naye juzi akanijibu, “Nimekula maneno yako, mwanangu, hayo hukuyafungia,” kaka yangu akaangua kicheko, mimi nikapandwa na hasira, na tangu hapo hataki kupimwa, usingizi hapati, chakula cha jioni hagusi ilhali dawa anameza, na sasa anafunga virago aende kwa dada yake. Je, nimwache aende, au niendelee kumbana kwa faida yake?

Binti Mwenye Ufunguo

Binti, barua yako nimeisoma mara mbili, kwani mara ya kwanza nilikuwa upande wako. Hofu yako ni ya mtu anayependa. Hata hivyo, umemhukumu mama kwa kosa ambalo huenda hakulitenda. Mtu akiwa na wasiwasi, mwili hutoa homoni, mojawapo ikiitwa kotisoli, ambazo hulifanya ini limwage sukari kwenye damu na kuipunguzia insulini nguvu. Kotisoli hupanda pia kunapokaribia kucha. Hivyo sukari yaweza kupanda bila mtu kulamba hata kijiko. Sidai kwamba hiyo ndiyo sababu yote. Pengine dawa hazitoshi, pengine kweli kuna biskuti chini ya vitambaa. Mimi sijui. Wewe pia hujui, ila umejifanya unajua.

Lisilo na shaka ni hili: kumeza dawa bila kula kwaweza kuishusha sukari hadi mtu akazimia. Leo hii ale, wala asiache dawa kwa uamuzi wake. Mpeleke kwa daktari, mweleze habari za usingizi na za chumba kama unavyoeleza za chakula. Ondoa kufuli. Kipimo akishike mwenyewe. Kisha mtafutie pa kuweka cherehani yake.

Katika barua yako nimekuona ukimchoma mama, ukimhoji na ukimfungia kabati, sijakuona ukimwamkia. Kesho asubuhi anza hapo.