Maiki Niliyoinunua Mbeya

Kihesa, Iringa
Jumapili, baada ya ibada

Baba,

Kamwene. Ni mimi, Tuli. Nimekaa kwenye kiti chako cha studio, na sijui nitakikalia kwa muda gani, maana tangu ulipotutoka kukaa kumenishinda. Naanza kufagia, naacha katikati. Naenda kuangalia beseni za dawa ya kusafishia picha, narudi, nasahau nilichofuata. Mama anasema nahangaika kama kuku anayetaka kutaga. Lakini leo siinuki mpaka nimekupa habari za Mzee Masanja. Ahadi ilikuwa yako, nimeitimiza mimi, na jinsi nilivyoitimiza... ngoja, nianzie mwanzo.

Masanja ni yule Msukuma wa Usangu, mwenye ng'ombe, aliyekuja hapa masika wewe ukiwa umeanza kukohoa. Alikuomba uchukue sinema ya mama yake akisimulia walivyohama na mifugo kutoka Usukumani. Alitaka wajukuu wamwone, na zaidi ya kumwona, wamsikie. Ulimjibu neno moja tu: "Nitakuja." Kamera unayo, ile uliyonunua kwa yule mzungu, mhandisi wa barabara, aliyekuwa akirudi kwao, inayoshika sauti kwenye filamu yenyewe. Ila maiki yake mzungu alikuwa ameipoteza. Miaka yote, Baba, ulikuwa unapiga harusi bubu. Watu wanafungua midomo, wanaruka, wanapiga vigelegele, na ukutani ni kimya, mashine tu inanguruma.

Tulikuwa hatujamaliza hata mwezi tangu tukuzike, Masanja akatokea mlangoni. Hakuwa na habari. Mama alipomwambia, alivua kofia, akakaa kwenye benchi la wateja. Kisha akainuka. "Basi, mama. Kama Mungu hakupenda, hakupenda."

Alikuwa ameshavuka kizingiti niliposikia mdomo wangu ukisema, "Nitakuja mimi."

Mama alinitazama kana kwamba nimetukana. Yeye alikuwa ameshaanza kuulizia nani atainunua kamera. Aliniambia, "Tuli, baba yako kazi hii aliijua. Wewe umeshika mwavuli wa taa tu." Haikuwa kweli, unajua haikuwa kweli. Lakini iliniingia.

Nikapanda basi kwenda Mbeya kutafuta maiki, kamera nimeifunga kwenye kitenge kama mtoto. Nilizunguka maduka mpaka nikapata moja la redio, na humo zilikuwamo mbili tu. Moja ndefu kama tochi. Nyingine fupi, ya mviringo, kama wanayotumia kwenye redio kaseti. Mwenye duka alikuwa mtu mwema. Alizichomeka zote kwenye kaseti yake, akaniambia niseme chochote. Nikahesabu moja mpaka kumi.

Kwa ile ndefu nilisikika peke yangu, sauti safi, kama niko ndani ya kisima. Kwa ile fupi nilisikika mimi, na kengele ya baiskeli barabarani, na mama mmoja nyuma yangu akilalamikia sukari, na kikohozi cha mwenye duka mwenyewe.

Akasema, "Hii ndefu inasikia mbele tu, kule unakoielekeza. Hii fupi inasikia pande zote, dada. Hata mgongo wako."

Niliitaka ndefu. Nilitoka nje, nikaenda hadi sokoni, nikarudi, nikazishika tena zote mbili, nikatoka tena. Mara ya tatu aliniuliza kama nataka kununua duka zima. Ili niipate ile ndefu ingebidi niuze mashine yako ya kukuzia picha. Na kulikuwa na jambo jingine: ilitaka betri yake maalumu, na betri hiyo, mwenye duka mwenyewe alikiri, hata Dar es Salaam unaweza usiipate. Fupi haikutaka chochote. Nikaichomeka kwenye tundu la kamera, ikaingia vizuri. Nikainunua. Njia nzima ya kurudi nilikuwa najuta.

Unaona shida yake? Ukiifunga juu ya kamera, inasikia mota ya kamera kuliko inavyomsikia mtu. Nilichonga kipande cha mwanzi, nikakifunga kwa mpira wa baiskeli, maiki ikakaa mbele, mbali kidogo na mota. Bado upepo. Usangu ni mbuga, upepo wake hauna adabu. Maiki ilihitaji kuvikwa kitu kizito cha sufu. Nikachukua sweta lako la kijivu, nikakata mkono.

Mama alinikuta na mkasi. "Hata mwaka haujafika!" Alilia kweli, nami nikalia, tukanuniana siku mbili. Siku ya tatu asubuhi nilikuta ule mkono umeshonwa soksi ndogo nzuri, ina kamba ya kuifungia. Nikaivika maiki.

Basi nikafika kwa Masanja. Mama yake anaitwa Bibi Kabula, mwembamba, mrefu, macho makali. Nilimsalimia "Mwangaluka" kama ulivyonifundisha, akacheka jinsi nilivyolitamka. Filamu nilikuwa nazo mbili, na filamu moja haifiki dakika tatu, kwa hiyo Masanja alimwomba asimulie kwa kifupi. Bibi akajibu kwamba njia haikuwa fupi. Alikaa mbele ya zizi. Alisimulia Kisukuma, mkono wake ukionyesha kaskazini, nikaelewa neno moja moja tu: ng'ombe, maji, mtoto. Masanja alisimama kando, akafuta uso kwa kofia.

Kile kidude cha kusikilizia sikioni mzungu pia alikipoteza. Sikuweza kujua kama sauti imeingia. Nilizifunga filamu, zikapelekwa Ulaya kusafishwa, nikaanza kungoja. Miezi mitatu, Baba! Nilikwenda posta mpaka karani akaanza kutikisa kichwa aliponiona mbali. Nilifikiri, nimempotezea bibi wa watu maneno yake. Nilifikiri, bora ningeuza ile mashine ya kukuzia, nikanunua maiki ndefu. Nilifikiri, Mama alisema kweli.

Zilipofika sikuthubutu kuzitazama peke yangu. Nilimpelekea Masanja salamu kwa dereva wa lori la mpunga, na lori hilohilo likamleta yeye na Bibi Kabula, amekaa mbele kwa dereva. Ilikuwa mchana. Mama alitundika mablanketi madirishani. Nikawasha mashine ya kuonyeshea sinema.

Sauti ilikuwamo. Ilikuwamo, Baba! Na upepo kidogo, na ng'ombe, na mota kwa mbali kama nyuki, lakini juu ya vyote Bibi Kabula, kila neno lake. Masanja alishika goti la mama yake.

Halafu tukasikia mtu mwingine. Karibu, kwa kunong'ona, kwa Kihehe. Nilidhani ni mtu nje ya dirisha. Ni mimi. Filamu zote mbili, mwanzo mpaka mwisho, ninakuuliza wewe. Baba, nisogee? Baba, mwanga unatosha? Baba, inasikika? Sikujua, naapa, sikujua nilikuwa nasema. Nilijificha uso. Kazi ya watu, na mimi nimejaa humo!

Mama aliweka mkono begani kwangu. Bibi Kabula aliuliza jambo, na Masanja akalifasiri: "Anauliza, binti anaongea na nani?"

Mama ndiye aliyejibu. "Na baba yake. Alitangulia kabla hajafika kwako."

Mashine ilikuwa bado inazunguka, filamu imekwisha inapigapiga. Bibi akasema maneno machache, na Masanja akayatafsiri.

"Anasema, mjibuni mtoto. Mwambieni inasikika."

Nilijitolea kuchukua sinema upya, bila malipo. Bibi alikataa. Alisema yeye alikuwa anasimulia wafu wake, nami nilikuwa na wangu, hakuna aliyemziba mwenzake.

Jana Mama aliondoa mwenyewe kile kibao cha "Studio imefungwa" alichokitundika mlangoni tulipokuzika. Habari za kuuza kamera sijazisikia tena. Wameshakuja watu wa Ilula kuulizia harusi.

Lala salama, Baba. Ile maiki ndefu nitainunua, na betri yake nitaitafuta mpaka niipate, maana wateja wanastahili maneno yao peke yake. Na nikiwa nyuma ya kamera sitakuuliza tena. Nikiona inafaa kusogea, nitasogea.

Mwanao,
Tulinagwe