Ndizi Alizozikataa Mwalimu wa Gloria

Kinyala,
Tukuyu, Rungwe.
7 Septemba 2024

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mdogo Lutufyo,

Pokea salamu za bibi yako. Hujambo huko Arusha? Mke mwenzangu Lilian naye hajambo? Na huyo Nelson wenu, meno yametoka au bado anawauma kwa ufizi? Sisi tunapumua. Goti la kushoto linanisumbua baridi ikiingia, lakini kanisani bado napanda bila fimbo, usije ukawaambia watu bibi yako amekwisha.

Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe. Darasa la nne la zamani linatosha kwa hili. Kwenye simu nikianza jambo refu unaitikia "sawa bibi, sawa bibi", kisha mtandao unakatika, tena unakatika upande wako tu. Barua haikatiki. Atuganile, mke wa Erasto, anakuja huko kwa mwanawe, atakukabidhi.

Ng'ombe amezaa dume. Viazi vimetoka vizuri, bei ndiyo ya kulia. Basi, hayo yameisha.

Mdogo wako Gloria ameacha shule. Wiki ya pili hii. Mtihani wa kidato cha pili uko mlangoni, na yeye anasema anakwenda kuchuma chai.

Kilichoanza ni Kiingereza. Mwalimu aliwapa maneno, each na every, nimeyanakili kwenye daftari lake. Kwetu yote mawili ni "kila". Mtu mwenye akili timamu anataka "kila" mbili za nini? Gloria akaweka moja mahali pa nyingine, majibu yake yakasomwa mbele ya darasa, wakacheka. Si mara moja. Akirudi hali chakula, anakaa na daftari, anafuta na kuandika mpaka karatasi inatoboka.

Mimi ningemsaidia nini? Nilipokwenda hospitali ya Igogwe kupima presha nikamwuliza nesi Esnath. Akanieleza vizuri: each unawatazama watu mmoja mmoja, kama yeye anavyopita kitanda kwa kitanda, every unawachukua wote kwa pamoja, hakuna anayebaki nje. Tena wakiwa wawili tu, hiyo ya pili haifai. Nikaelewa. Njia nzima nilikuwa nayarudia mdomoni. Nilipofika nikamwambia Gloria kwamba nikipakua chakula natazama sahani ya huyu na ya yule, hiyo ndiyo each. Nikiita ukoo msibani sitazami sura ya mtu, hiyo ndiyo every. Akanitazama kwa huruma. Mimi, Lutufyo, wa kuonewa huruma.

"Bibi," akasema, "mtihani hauulizi chakula. Wanaacha nafasi, wanasema jaza."

Akanionyesha hiyo nafasi. Kamstari tu.

Ndipo nikakata mkungu, ule mnene wa nyuma ya nyumba, nikajitwika mpaka shuleni. Mtu haendi kuomba mikono mitupu, na wewe nilikulea hivyo. Nilitaka mwalimu amkalishe mtoto pembeni, amweleze polepole. Ni kijana wa watu, akaniamkia vizuri, kiti akanipa. Ndizi akazikataa. Wakubwa wake wamekataza kupokea kitu kwa wazazi, itaonekana nimenunua maksi. Mimi ninunue maksi? Nikamwambia pale pale uwanjani, kwa sauti yangu hii unayoijua: "Anayekataa ndizi zangu ni mgonjwa. Wewe unaumwa nini?"

Madirisha yote yakajaa vichwa. Nikajitwika mkungu wangu, nikarudi nao.

Sasa wanamwita Gloria "Mkungu". Akinyoosha mkono darasani wanamwuliza kama ameleta za kupika au za kuiva. Baada ya siku chache akavua sare, akaikunja, akaiweka juu ya kitanda changu kama mtu anayerudisha nguo ya kuazima.

Usinihubirie. Kwenda kuomba si kosa. Lakini aliyeumia ni mtoto, hilo naliona, sijawa kipofu. Nimegomba, nimenyamaza, nimemwita mchungaji. Anatusikiliza, anaitikia kwa adabu, na shule haendi. Mtoto mbishi unajua pa kumshika. Huyu habishi. Utamshika wapi?

Wewe unapata ugali wako kwa Kiingereza, kutwa unawasimulia Wazungu habari za twiga. Ulimwahidi utampigia kila Jumapili umfundishe. Alikuwa anapanda na daftari lake hadi kule juu kwenye jiwe, mtandao unakoshika vizuri, anakaa, anarudi jioni ananiambia, "Kaka ana wageni." Akakutetea mpaka akachoka.

Juzi ameleta kikapu cha kuchumia chai. Nimekificha uvunguni mwangu. Ameona, hajasema kitu. Lakini vikapu vinauzwa Tukuyu kila siku ya soko, na mimi sina uvungu wa kuvificha vyote.

Mpigie. Usianze na shule, mwulize kwanza amekula nini. Asipopokea, piga tena. Mimi nitakaa karibu nimenyamaza, kitu ambacho hujawahi kukiona.

Babu yako mdogo Ambilikile anakusalimu, na shangazi Anosisye wa Mpuguso. Mbusu Nelson. Kyala akusaje, Mungu akubariki, akulinde na watu wako, akupe na moyo wa kukumbuka ulikotoka.

Wako akupendaye, anayekusubiri,
Bibi yako,
Anyelwisye