Mjukuu Wako Aliisahau Pampu

Baba Salimu, mume wangu,

Assalam aleikum huko uliko. Kalamu siijui, wajua. Mimi nasema tu, anayeandika ni mjukuu wetu Mwanaisha, na amenuna hapo, maana habari yenyewe ni yake.

Tangu tukuzike, yule kuku wako mweupe hutaga chini ya kitanda chako. Nimemwacha. Haya, si hayo.

Mwanaisha anajifunza kurusha ndege, hapo hapo uwanja wa Ukunda ulipokuwa ukitengeneza injini. Juzi walikuwa juu ya Kinondo na mwalimu wake. Akabadili tangi la mafuta, toka la bawa hili kwenda la bawa lile, na pampu ya umeme hakuiwasha. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Mwalimu akaiwasha pampu mwenyewe, injini ikarudi. Wakatua salama, alhamdulillahi. Lakini mtoto alipofika nyumbani, hata buibui hajavua: "Bibi, mimi basi."

Na babake, Salimu wako huyo, akafurahi! "Si nilisema? Aende hoteli za Diani akapokee wageni." Nikamwambia, nyamaza, wewe hata mnazi ulikushinda.

Nikamkalisha mtoto jikoni nikamwambia yale uliyokuwa ukiniambia nikikuna nazi. Maji ya tangi la paani hushuka yenyewe, ya pipa la chini yataka kuvutwa. Na ndege yao hiyo mbawa ziko chini, mafuta yako chini ya injini. Injini ina pampu yake, huzunguka nayo; hiyo uliiita mke mkubwa. Ile ya umeme ulikuwa ukiiita mke mdogo. Mzaha huo sikuupenda hata siku moja, lakini nimeutumia.

Mke mdogo aitwa pale mkubwa hafai kuachwa peke yake: kuwasha injini, kuruka, kutua, kubadili tangi. Karibu na ardhi mkubwa akizimia, hapana nafasi ya kutafuta msaada. Mkishafika juu kabisa, mzime mdogo, na jicho liwe kwenye geji ya presha ya mafuta. Sindano ikikaa, mkubwa yu mzima. Ukimwacha mdogo afanye kazi safari nzima, mkubwa atakufa nawe hujui.

Andika, Mwanaisha, usiruke hapo. Umeandika kubadili tangi? Haya.

Mume wangu, mtoto huyu haachi. Woga anao, na auchukue aende nao. Tuktuk nimeshaiagiza ya kesho asubuhi. Hapa kalamu imesimama, aniuliza, "Bibi, umeiambia ije saa ngapi?" Wamsikia? Asiyekwenda huuliza saa?

Basi Mola akupe nafasi huko, nami nikuahidi jambo. Siku atakayoruhusiwa kubeba mtu, wa kwanza ni mimi. Wajua mimi hata kwenye ghorofa ya pili hushika ukuta. Nitapanda, Baba Salimu. Nitafumba macho, lakini nitapanda.

Mkeo,
Mama Salimu